Shajara ya mradi: kuufikisha mpango wa mwendelezo wa shughuli kwa wafanyakazi wa kiwanda cha maziwa, Uyole, Mbeya

Oktoba, wiki ya kwanza. Tulichonacho mkononi

Mpango upo, bodi imeupitisha, una kurasa 58 na umeandikwa kwa Kiingereza. Nakala ziko tatu: kwa meneja, kwa mhasibu, na kwenye kabati la rasilimali watu ambalo ufunguo wake ni mmoja. Mradi huu hauugusi mpango wenyewe. Kazi yake ni kuhakikisha kila anayefanya kazi hapa, kuanzia fundi boila hadi karani wa kituo cha Ntokela, anajua atafanya nini kwanza siku shughuli zikikwama, na anajua sauti ya nani ndiyo ya kufuatwa.

Orodha ya mishahara ina watu 94. Wapo kiwandani Uyole, ghala la Mwanjelwa, vituo vinne vya kukusanyia maziwa kwenye barabara ya Tukuyu (Isyonje, Ntokela, Kiwira na Tukuyu mjini), na madereva. Walinzi hawamo kwenye orodha kwa sababu wanaletwa na kampuni ya nje. Tumewaingiza. Saa 8 usiku mlinzi ndiye pekee aliye macho, na mpango usiomjua mlinzi unaanza kufanya kazi asubuhi.

Kinachotupangia muda ni maziwa. Yanatoka kwenye kiwele yakiwa karibu nyuzi 37, na yasipopoozwa bakteria huanza kuongezeka ndani ya saa chache hadi kipimo cha spiriti (kinachoonyesha kama maziwa yameanza kuharibika) kiyakatae. Lengo ni nyuzi 4. Baridi ya Isyonje ya mwezi wa saba haisaidii kama watu wanavyodhani: keni ya lita 50 iliyojaa inapoa polepole sana hewani hata ukiwa umevaa koti. Kwa hiyo dakika 30 za kwanza baada ya hitilafu ndizo tunazozipigania. Baada ya hapo mameneja watakuwa wamefika na watafungua kurasa zao 58.

Uamuzi wa wiki: hatutatafsiri mpango wote. Tutautoa kwa vipande kulingana na kile mtu anachokigusa katika nusu saa hiyo, si kwa idara. Anayegusa maziwa (makarani, maabara, mapokezi), anayegusa mashine (mafundi umeme, boila, pasteuraiza yaani mashine ya kuua vijidudu kwa joto, chumba cha baridi), anayegusa barabara (madereva, watu wa ghala), anayegusa fedha na wateja. Mlinzi ana kipande chake. Kiwango cha kimataifa cha mwendelezo wa shughuli, ISO 22301 cha mwaka 2019, kinadai wafanyakazi wawe na uelewa wa mpango na kwamba taasisi iamue itoe taarifa gani, lini, kwa nani na kwa njia ipi. Hakidai kila mtu asome kila kitu. Hoja hii imetusaidia kikaoni, maana kuna waliotaka kitabu kizima kichapishwe na kila mtu asaini kwamba amekisoma. Saini hiyo ingempendeza mkaguzi, lakini keni za Ntokela zingechacha vilevile.

Oktoba, wiki ya tatu. Mti wa simu

Mpango unasema meneja wa uzalishaji "atawajulisha wafanyakazi wote". Hebu tupige hesabu. Simu moja ya dharura huchukua dakika moja na nusu kama mtu amepokea, zaidi kama amekuuliza "wewe nani?". Watu 94 kwa mpigaji mmoja ni zaidi ya saa mbili. Tumechora mti wa ngazi tatu: meneja anapigia watano, kila mmoja wa hao anapigia wasiozidi sita, na hao wanamalizia watu wa zamu zao. Zaidi ya sita mpigaji anachoka, anaanza kufupisha habari, na wa mwisho anapata habari tofauti na wa kwanza.

Mpigaji pamoja na watu anaowapigia ni tawi, naye ndiye mwenye tawi. Kila tawi lina mbadala. Masharti ya mbadala ni matatu: asiwe zamu moja na mwenye tawi, asiwe anaishi naye nyumba moja, na laini yake iwe ya mtandao mwingine. Sharti la tatu lilionekana la kupita kiasi hadi tulipoweka namba mezani tukakuta matawi mawili yote, wenye tawi na mbadala wao, wako mtandao mmoja. Mnara ukizima, matawi hayo yamekatika yote.

Kuhakiki namba ni kazi ya kuchosha lakini haina mkato. Watu hubadili laini, humpa mtoto simu, huacha namba ya mume ofisini. Utaratibu: mwenye tawi anabipu kila namba yake Jumatatu ya kwanza ya mwezi, naye aliyebipiwa anabipu kurudisha kabla ya saa 12 jioni. Hakuna gharama kwa yeyote. Asiyerudisha anafuatwa ana kwa ana kesho yake.

Orodha yenyewe haitabandikwa ukutani. Namba za simu za watu ni taarifa binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatutaka tuzikusanye kwa lengo linaloeleweka na tuzitunze. Kila mwenye tawi anabaki na namba za watu wake tu, kwenye simu na kwenye karatasi iliyokunjwa ndani ya kitambulisho cha kazi. Karatasi ni muhimu: simu iliyoisha chaji inaondoka na namba zote. Kibandani kwa mlinzi patakuwa na bahasha iliyofungwa yenye namba tano za juu, na akiifungua anaandika saa kwenye kitabu cha matukio.

Kundi la WhatsApp linabaki kuwa la habari za kawaida. Si njia ya dharura. Takribani theluthi moja ya makarani na vibarua wanatumia kiswaswadu, wengine bando linaisha katikati ya wiki, na ujumbe muhimu unazama chini ya picha za harusi. Isitoshe, Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilipokatika, intaneti ilizorota nchi nzima huku simu za kawaida na meseji zikiendelea.

Novemba, wiki ya kwanza. Meseji

Tumeandaa meseji kumi za akiba, ambazo mtumaji anajaza saa na mahali tu. Hii ndiyo ya umeme:

*TAARIFA 1. Umeme umekatika kiwandani saa 9 alasiri. Makarani pokeeni hadi saa 11 tu. Madereva msiondoke hadi mpigiwe. Taarifa ya 2 itakuja saa 10 na nusu.*

Ina herufi 154 ukihesabu na nafasi. Meseji moja hubeba herufi 160. Mtego upo kwenye alama ndogo ambayo karibu kila mtu anaipita: meseji inayohusu ng'ombe ikiandikwa kwenye Word kisha ikanakiliwa kwenye mfumo wa kutuma meseji nyingi, ile alama ya juu ya ng' inakuwa imepinda badala ya kusimama wima. Alama iliyopinda haimo kwenye seti ya kawaida ya herufi za simu, hivyo mfumo unabadilisha meseji nzima kwenda seti nyingine ambamo ukomo ni herufi 70, na ikigawanywa kila kipande kinabeba 67. Meseji iliyokuwa moja inakuwa tatu. Gharama inakuwa mara tatu, na baya zaidi, mtandao ukiwa umezidiwa vipande vinafika kwa nyakati tofauti au kimoja hakifiki, mtu akabaki na "msiondoke hadi" bila kinachofuata. Dawa: andika moja kwa moja ndani ya mfumo, au epuka neno lenye ng' kabisa. Mistari mirefu ambayo Word huiweka yenyewe badala ya kistari kifupi ina kasoro hiyohiyo.

Kanuni nyingine tulizokubaliana: kila taarifa ina namba, ili aliyepata ya 3 bila ya 2 ajue amepitwa. Kila taarifa inasema inayofuata itakuja saa ngapi, na saa hiyo ikifika inatumwa hata kama hakuna jipya. Ukimya ndio unaozaa uvumi, na uvumi hapa Uyole hadi stendi unakimbia kama moto wa mabua. Saa zote ni za Kiswahili, na ya kwanza katika kila taarifa ina alasiri, jioni, usiku au alfajiri mbele yake. Rasimu ya mshauri ilikuwa na "2:00 PM", na watu wawili waliojaribiwa waliisoma kuwa saa 2 usiku.

Jingine ni utapeli. Kila mwenye simu Tanzania ameshapata meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii", na mtu mwenye akili anaifuta meseji ya ghafla ya mtu asiyemjua. Kwa hiyo kwenye vikao tutamwonyesha kila mtu jina la mtumaji litakalotokea kwenye simu yake, na tutasema wazi: taarifa ya dharura ya kiwanda haitaomba fedha, namba ya siri wala kubonyeza kiungo chochote. Ikiomba, si yetu, mpigie mwenye tawi lako.

Novemba, wiki ya pili. Kadi

Kadi ni ya ukubwa wa A6, pande mbili. Mbele mambo ya kufanya, nyuma nani mwenye mamlaka. Ya karani wa kituo inasomeka hivi:

*UMEME UKIKATIKA KITUONI. 1. Andika saa na joto la tenki. 2. Washa jenereta. Isipowaka ndani ya dakika 10, mpigie fundi, kisha mwenye tawi. 3. Usifungue mfuniko wa tenki bila sababu. 4. Pokea maziwa mapya kama tenki liko chini ya nyuzi 10. Likifika 10, simamisha mapokezi. Huhitaji ruhusa ya mtu.*

Sentensi ya mwisho ndiyo iliyotuchukulia muda mrefu kuliko kadi zote kwa pamoja. Tutaieleza kwenye vikao vya zamu.

Kadi haina jina la mtu hata moja, ina vyeo. Majina hubadilika kila mtu akihama au akienda likizo, na kadi yenye jina lililofutwa kwa kalamu haiaminiki tena. Sentensi ni za kuamuru, kila moja na kitendo kimoja.

Kuhusu uimara: mapokezi na chumba cha pasteuraiza vina mvuke na maji ya kuoshea yenye soda kali na asidi. Karatasi tupu haimalizi wiki. Tunazilaminishia plastiki nene, na ukingo wa plastiki unaozidi karatasi usipungue milimita 5 kila upande. Kosa la kawaida ni kutoboa tundu la kuning'inizia baada ya kulaminisha: maji yanaingia kupitia tundu na kadi inaota ukungu kuanzia juu. Toboa karatasi kwanza tundu kubwa, laminisha, kisha toboa tundu dogo katikati ya lile kubwa ili plastiki ibaki imeshikana pembeni. Ifungwe kwenye bomba la chuma kwa kamba ya plastiki, usawa wa macho, karibu na mahali mtu anaposimama kazini. Isibandikwe kwenye mlango wa paneli ya umeme, kwa kuwa fundi akifungua mlango kadi inageukia ukutani hapohapo inapohitajika.

Novemba, mwishoni. Vikao vya zamu

Kila kikao ni dakika 12 hadi 15, watu wasiozidi kumi, wamesimama mahali wanapofanyia kazi, mwanzo wa zamu. Mwisho wa zamu usijaribu. Watu wanawaza daladala. Anayeongea ni msimamizi wao wa kila siku, si mtu wa ofisini aliyetoka na projekta. Mtu humwamini anayemjua, na siku ya tukio ndiye atakayempigia.

Mpangilio unaofanya kazi: dakika moja ya kusema kwa nini, dakika tatu za kadi, kisha msimamizi anageuza. Haulizi "mmeelewa?", kwa sababu jibu la swali hilo ni "ndiyo" siku zote, hasa anayeuliza akiwa mkubwa kwa umri. Anamchagua mmoja: "Mama, tuseme umeme umekatika sasa hivi, wewe umesimama hapa. Nionyeshe unaanza na nini." Anaonyesha kwa mikono, akigusa swichi na kipimajoto. Hapo ndipo tuligundua kwamba kipimajoto cha tenki la Kiwira kinasomeka upande wa ukutani, na karani anahitaji kiti kukiona. Kimegeuzwa.

Sasa mambo mawili yaliyotawala vikao vyote.

La kwanza ni mshahara. Ulieleze jambo lolote utakalo, swali lililo kichwani mwa kila mtu ni "kiwanda kikisimama, nalipwa?". Lisipojibiwa mwanzoni, dakika zinazobaki watu wanakutazama tu. Baada ya kikao cha kwanza tuliisimamisha ratiba hadi menejimenti ilipotoa jibu la maandishi la nusu ukurasa: wa kudumu hawakatwi mshahara kwa siku saba za kwanza za kusimama, kibarua aliyeitwa akafika getini akarudishwa analipwa nusu siku, anayeombwa kubaki baada ya zamu analipwa muda wa ziada. Hili la tatu lina mipaka ya kisheria ambayo wasimamizi wanapaswa kuijua kwa kichwa, maana kwenye dharura ndipo inaposahaulika. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa 12 kuwa ukomo wa kazi kwa siku ukijumlisha na muda wa ziada, saa 50 za ziada katika mzunguko wa wiki nne, na malipo yasiyopungua mara moja na nusu ya mshahara wa kawaida. Fundi aliyeingia saa 12 asubuhi asibakizwe kuhudumia jenereta hadi usiku wa manane kwa kuwa "ni dharura". Fundi wa pili aitwe mapema, na hilo limeandikwa kwenye kadi ya msimamizi. Sasa kila kikao kinaanza na nusu ukurasa huo, na ndipo kadi inasikika.

La pili ni lile la karani kusimamisha mapokezi. Makarani waliipokea sentensi ya "huhitaji ruhusa" kwa kutikisa kichwa, na katika maswali ikatoka sababu: wanaogopa kukatwa. Karani akipokea maziwa yakaharibika, anaulizwa. Akikataa maziwa na umeme ukarudi robo saa baadaye, anaulizwa pia, na juu yake mfugaji aliyetembea na ndoo kutoka mlimani amemtolea maneno. Mtu aliye katikati ya hofu mbili hufanya jambo moja tu, anapiga simu kuomba ruhusa, na simu haipatikani, na dakika zinakwenda. Kadi peke yake haiwezi kuondoa hofu hiyo. Kilichohitajika ni barua ya meneja mkuu yenye muhuri, inayosema karani aliyesimamisha mapokezi kwa kufuata kipimo cha nyuzi 10 hatadaiwa lita hata moja, hata kama ikabainika baadaye kwamba tenki lingeweza kustahimili. Barua imelaminishwa, iko nyuma ya kadi. Kuna waliosema itatumiwa vibaya. Inaweza. Lakini joto linaandikwa kila saa kwenye daftari, na anayebuni namba hugundulika gari likifika Uyole na maabara ikipima.

Makarani wakaomba pia maneno ya kumwambia mfugaji, na ni haki yao, kwa kuwa wao ndio wanaosimama dirishani. Tumewapa matatu: "Baba, mashine ya kupoozea imesimama, tukipokea yataharibika na hutalipwa. Ya nyumbani yagandishe mtindi au uza jirani. Asubuhi saa 12 njoo, tutakuambia kama tumerudi." Wasiahidi fidia. Wasiseme "sijui, ni mambo ya ofisi".

Desemba. Zoezi la mezani na zoezi la simu

Zoezi la mezani liliwakalisha wasimamizi na karatasi za matukio: moto ghalani, pampu ya boila imekufa, mhasibu hawezi kufungua mfumo wa mauzo. Kwenye moto, watu walianza kubishana ni meneja yupi aambiwe kwanza kabla mtu yeyote hajataja kutoa watu nje wala kupiga 114. Kadi zote sasa zina mstari wa juu kabisa wenye wino mwekundu: *Watu kwanza. Moto: toka, piga 114, kisha mwenye tawi.*

Zoezi la simu lilifanyika Jumamosi alasiri bila kutangazwa siku wala saa. Kila simu na meseji ilianza na kuisha kwa HILI NI ZOEZI. Maneno hayo yasikosekane mwisho pia, kwa kuwa anayesambaza hukata mwanzo.

Matawi ya kiwandani yalikamilika ndani ya dakika 25. Ghala la Mwanjelwa lilichelewa: mwenye tawi alikuwa likizo, mbadala alijua ni mbadala lakini hakuwa na namba, zilikuwa zimebaki kwa mwenzake. Fomu ya likizo imeongezwa mstari: "Tawi langu la simu nimemkabidhi ______, sahihi yake ______." Bila sahihi likizo haipitishwi.

Ntokela haikupatikana kabisa. Umeme ulikuwa umekatika eneo hilo tangu asubuhi, na betri za mnara zilikuwa zimeisha. Zoezi likawa la kweli kidogo. Njia ya akiba kwa vituo: mtandao ukipotea zaidi ya saa moja huku umeme haupo, karani hasubiri kuambiwa, anafuata kadi. Kituo cha jirani kinampa bodaboda karatasi ya ujumbe yenye namba ya taarifa, boda analipwa na kituo kinachopokea baada ya karani kusaini. Wafugaji wanaitwa kwa kugonga rimu ya gari iliyoning'inizwa pale nje: mipigo mitatu ya mfululizo ni "msilete maziwa". Kengele ya rimu kila mtu anaifahamu tangu shule ya msingi, haihitaji chaji, na upepo ukiwa mzuri inasikika hadi ng'ambo ya bonde.

Januari. Swichi kubwa

Aprili 2024 hitilafu ya gridi ya taifa iliiacha sehemu kubwa ya nchi bila umeme, hivyo kukatika kwa umeme kote si jambo la kufikirika. Kwa zoezi la umeme, swichi kubwa ilishushwa kwa makusudi baada ya maziwa ya asubuhi kupasteuraizwa na matenki kuwa karibu matupu. Kabla ya kushusha: mafundi wote wawili wapo, dizeli imepimwa, hakuna mtu kwenye lifti ya mizigo, na maabara imeridhia.

Jenereta ya kVA 100 ikiwaka na mzigo wa kawaida inakunywa takribani lita 15 hadi 20 za dizeli kwa saa. Pipa la lita 200 ni zamu moja. Hii ni taarifa ambayo wasimamizi wa zamu hawakuwa nayo, na bila hiyo hakuna anayejua aagize dizeli saa ngapi. Imeandikwa kwa rangi juu ya pipa lenyewe: *Robo pipa ikibaki, mpigie msimamizi.*

Kilichoonekana: ruta ya intaneti ilizima pamoja na umeme. Kompyuta zilikuwa na UPS (betri ya akiba), ruta haikuwa nayo, hivyo ofisi ilibaki na kompyuta zinazowaka zisizofika popote. Sasa ruta iko kwenye UPS.

King'ora hakikusikika sehemu mbili. Ndani ya chumba cha baridi, ambako mlango wenye unene wa sentimita kumi unazuia sauti pamoja na joto, na kwenye chumba cha homojenaiza, mashine ya kusaga mafuta ya maziwa, ambako watu huvaa vizibo vya masikio. Tumefunga taa nyekundu ya kumetameta yenye betri yake katika vyumba vyote viwili, na mtu wa mapokezi ana wajibu wa kwenda kugonga mlango wa chumba cha baridi na kuingia, si kuchungulia. Mlio mmoja mrefu ni toka nje. Milio mifupi mifupi ni bakini kwenye mashine zenu, zimeni kwa utaratibu. Tulikataa pendekezo la milio mitano tofauti. Miwili watu wanaikumbuka, mitano hakuna.

Februari. Barabara

Mvua za msimu zimekolea. Maporomoko ya tope ya Aprili 2024 pale Itezi, kutoka mlima Kawetele, bado watu wanayaongelea, kwa hiyo kikao cha madereva hakikuhitaji maelezo ya kwa nini. Wamefundishwa ngazi za tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa: Angalizo kwa njano, Tahadhari kwa rangi ya chungwa, Tahadhari Kubwa kwa nyekundu. Kwetu njano maana yake gari liondoke kituoni saa moja mapema. Chungwa, msimamizi wa usafiri anaamua kila safari moja moja. Nyekundu, hakuna gari linalokwenda Tukuyu, na makarani wanapewa taarifa jioni ya kabla yake.

Barabara ya Uyole hadi Tukuyu ikifunga, gari la tangi halina njia ya mkato ya kuaminika wakati wa mvua. Dereva asiitafute. Anaegesha sehemu ya juu, mbali na kingo, anapiga simu akiwa amesimama, anataja kijiji cha karibu na joto la tangi. Kwa magari ya Dar es Salaam kikwazo ni mlima Kitonga: lori likilala kwenye kona, foleni inaweza kula siku. Dereva wa mtindi anamjulisha mtu wa ghala kila akivuka Makambako na kila akifika Iringa mjini, ili asipopita Ruaha Mbuyuni kwa wakati, wateja wa Dar waambiwe kabla hawajaanza kupiga wao.

Machi. Kipimo na yaliyobaki

Kipimo hakihesabu saini. Mtu wa rasilimali watu anapita bila taarifa, anachagua watu kumi wa zamu tofauti, anauliza matatu: utaanza na nini, utasikia kwa nani, kadi yako iko wapi. Mashine na maabara wanajibu bila kusita. Walinzi ndio dhaifu, na sababu inajulikana: kampuni yao inawabadilisha kila mwezi. Tumeacha kumfundisha mlinzi mmoja mmoja; badala yake makabidhiano ya lindo kwenye kitabu cha matukio yana mstari wa "nimeonyeshwa kadi na bahasha", anaouandika mlinzi anayeingia, naye anayetoka ndiye anayemwonyesha.

Mfumo wa mauzo ukigoma: stakabadhi za mkono zimechapishwa, vitabu kumi, viko ghala la Mwanjelwa na ofisini. Mhasibu ameshawaonyesha wauzaji jinsi ya kuzijaza.

Bado: laini ya mtandao wa pili kwa kituo cha Kiwira, inasubiri usajili. Kiti cha plastiki kilichokuwa chini ya kipimajoto cha Kiwira kimeonekana bado kipo palepale, na karani anakikalia, jambo ambalo halina neno. Kadi za boila zichapishwe upya kwa herufi kubwa zaidi, fundi anavaa miwani ya kusomea na huwa ameiacha mezani. Tukuyu mjini wanaomba rimu. Fundi magari ameahidi moja ya Fuso. Mapitio ya namba zote na kadi zote yatafanywa Oktoba, kabla mvua hazijaanza, na tena mara yoyote mashine mpya ikifungwa au kituo kikiongezwa.